Broken Hill: mji wa jangwani uliompa Kabwe jina lake

Dereva yeyote wa lori anayetoka Kasumbalesa kwenda Lusaka anaujua mji wa Kabwe. Anapita hapo, ananunua mahindi ya kuchoma, anaendelea na safari. Lakini wazee waliofanya kazi ya reli wanajua kwamba zamani, kabla ya Zambia kupata uhuru mwaka 1964, mji huo uliitwa Broken Hill, maana yake kilima kilichovunjika. Jina hilo lilitoka mbali sana. Mwaka 1902 mtafuta madini mmoja, T. G. Davey, aliona pale mawe yenye risasi na zinki, akakumbuka mgodi wa Australia uliokuwa unafanana na yale mawe, akachukua jina la huko na kulibandika hapa Afrika. Reli iliyotoka kusini ilifika mahali hapo mwaka 1906. Kiisha ikaendelea kuja kwetu: Sakania mwaka 1909, Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Kwa hiyo njia ya chuma iliyozaa mji wetu ilipita kwanza katika Broken Hill ya pili.

Ndugu wasomaji, leo nataka kuwasimulia juu ya Broken Hill ya kwanza. Iko Australia, katikati ya ukavu, na bado inaishi. Historia yake inatuhusu sisi watu wa migodi kuliko tunavyofikiri, na sababu kubwa ni vumbi. Nitafika huko polepole.

Kwanza mujue mahali penyewe. Mji uko mwisho kabisa wa magharibi ya jimbo linaloitwa New South Wales. Kutoka Sydney, mji mkuu wa jimbo hilo, ni zaidi ya kilomita 1,100. Adelaide, ambayo ni mji mkuu wa jimbo lingine, iko karibu zaidi, kama kilomita 500. Kwa sababu hiyo wakaaji wa Broken Hill hawafuati saa ya serikali yao ya Sydney, wanafuata saa ya Adelaide, ambayo iko nyuma kwa nusu saa. Sisi tunaelewa mambo hayo: Lubumbashi ikiwa saa moja ya usiku, Kinshasa bado ni saa kumi na mbili, na mara nyingine inaonekana kama tofauti si ya saa tu. Mvua ya Broken Hill kwa mwaka mzima ni karibu milimita 250. Hapa Lubumbashi tunapata mara nne au tano ya hiyo. Huko jua linapiga, udongo ni mwekundu, miti ni mifupi, na kutoka shamba moja la kondoo mpaka shamba la jirani unaweza kusafiri saa nzima kwa gari.

Wenyeji wa asili wa sehemu hiyo ni Wawilyakali, ambao ni ndugu wa Wabarkandji, watu wa mto ambao wazungu waliuita Darling. Wao waliishi huko tangu zamani za zamani, wakijua maji yanapopatikana miambani. Mzungu Charles Sturt alipita katika vilima hivyo mwaka 1844 akitafuta bahari katikati ya Australia (hakuipata, kwa maana haipo). Kiisha wakaja wafugaji na kondoo zao, na maji ya wenyeji yakawa maji ya kondoo. Ilichukua mpaka mwaka 2015 kwa mahakama ya shirikisho kutambua haki ya Wabarkandji juu ya ardhi yao katika eneo kubwa la huko. Kilima chenyewe wakati huo kilikuwa kimekwisha kuchimbwa kwa miaka zaidi ya 130.

Aliyeanzisha uchimbaji alikuwa mchunga mipaka wa shamba la kondoo la Mount Gipps, jina lake Charles Rasp, mzaliwa wa Ujerumani. Kazi yake ilikuwa kuzunguka juu ya farasi akiangalia mipaka ya shamba. Tarehe 5 Septemba 1883 aliweka alama zake juu ya kile kilima cheusi, akifikiri mawe yake ni bati. Hayakuwa bati. Wakaungana watu saba wa shamba lile, pamoja na msimamizi wao George McCulloch, wakapeleka mawe kupimwa, na majibu ya kwanza yakawa mabaya: risasi nyingi, fedha kidogo. Wengine wakaanza kuuza hisa zao. Kuna hisa moja ambayo bei yake iliamuliwa kwa mchezo wa karata, na ikauzwa kwa pauni 120. Muda mfupi baadaye ikaonekana fedha yenyewe, nyingi ajabu, na ile hisa ikawa mali ya tajiri mkubwa. Mwaka 1885 waliandikisha kampuni, wakaiita Broken Hill Proprietary. Leo dunia inaijua kwa herufi tatu, BHP, na ni moja ya kampuni kubwa kabisa za madini duniani. Ilianzia kwa wachunga kondoo saba.

Chini ya kile kilima kulikuwa na mwamba wenye risasi, zinki na fedha, umejikunja kama upinde, urefu wake karibu kilomita saba. Mji ulijengwa juu yake na pembeni yake bila kungoja. Hata barabara zake zilipewa majina ya madini na ya kemia: Oxide, Chloride, Bromide, Sulphide, Crystal. Barabara kubwa inaitwa Argent. Sisi tuliosoma Kifaransa hatuhitaji kuelezwa.

Maisha ya mwanzo yalikuwa magumu. Nyumba zilikuwa za mabati na za magunia. Maji safi hayakuwapo, na mwaka 1888 tifoidi iliua watu wengi. Miti yote ya karibu ilikatwa kwa kupika, kwa kuyeyusha mawe na kwa kushikilia mashimo ya mgodi. Mizigo ililetwa kwa ngamia. Wenye ngamia walikuwa Waislamu waliotoka Afghanistan na inchi zinazoitwa leo Pakistan na India. Australia iliwaita wote «Waafghani» bila kuuliza. Walijenga msikiti mdogo wa mabati pembeni ya mji, na bado umesimama, umekuwa nyumba ya kumbukumbu. Ukitazama picha yake unaweza kufikiri ni duka la unga la kartie.

Reli nayo ina kisa. Serikali ya Sydney haikutaka kujenga njia ya chuma mpaka huko, wala haikutaka kuruhusu serikali ya Adelaide kuingiza treni yake katika jimbo lake. Basi kampuni binafsi ilijenga ile njia fupi ya katikati, ikamaliza mwaka 1888, na fedha yote ikaenda upande wa Adelaide, mpaka bandari ya Port Pirie ambako mawe yaliyeyushwa. Treni ya kwenda moja kwa moja Sydney ilingoja mpaka mwaka 1927. Miaka karibu arobaini mji ulilipa kodi upande mmoja na kununua chakula upande mwingine. Msomaji wa Kalemie au wa Kongolo atacheka kidogo hapa.

Sasa tuje kwa wafanyakazi, kwa sababu bila wao historia hii ingekuwa ya kampuni tu.

Kazi ya chini iliua. Mwamba ulianguka, baruti ililipuka vibaya, na vumbi la mawe lilikula mapafu. Juu ya ile risasi yenyewe, tayari mwaka 1893 tume ya serikali ilitoa ripoti kwamba wafanyakazi wa Broken Hill wanapata sumu yake: tumbo linakaza, mikono inalegea, ufizi unageuka rangi. Muangalie mwaka huo vizuri. Mwaka 1893, Élisabethville ilikuwa haijazaliwa.

Mgomo wa 1892 ulivunjwa, viongozi wake wakafungwa. Mwaka 1909 BHP ilitaka kupunguza mishahara na ikawafungia wafanyakazi mlango. Mambo yakaisha vibaya tena. Lakini mwezi wa Mei 1919 watu wa mgodi waliweka vifaa chini na hawakurudi mpaka Novemba 1920. Miezi kumi na minane! Walisaidiwa na sindika za miji mingine. Wakati wa mgomo waganga walipima wachimbaji kwa mamia na kuona mapafu ya wengi yamekwisha. Mwisho wake walipata mambo ambayo hayakuwapo karibu popote duniani: juma la kazi la saa 35, kuchimba usiku kukatazwa, na malipo kwa waliogonjwa mapafu. Mwaka 1920.

Kwetu Katanga, Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière walipogoma kudai mshahara, askari waliwapiga risasi katika uwanja wa mpira hapa mjini. Katika Kiswahili chetu ile chuma ya sumu na ile chuma ya bunduki zina jina moja.

Baada ya ushindi huo sindika za Broken Hill ziliungana katika miaka ya 1920 zikaunda baraza moja, Barrier Industrial Council, na kwa muda mrefu baraza hilo ndilo lililotawala mji kuliko meya. Kulikuwa na siku maalum ya kuonyesha alama ya sindika: asiyekuwa nayo kifuani hashuki mgodini. Walikuwa na gazeti lao wenyewe, Barrier Daily Truth, ambalo lilitoka kila siku tangu mwaka 1908 chini ya wafanyakazi. Mimi kama mtu wa habari, jambo hilo linanigusa. Tangu 1925 kila mfanyakazi alipata juu ya mshahara wake nyongeza iliyofuata bei ya risasi kwenye soko la dunia. Bei ikipanda London, nyama inaongezeka mezani Broken Hill. Hapa kwetu bei ya shaba au ya kobalti inapopanda, tunaisikia kwenye radio.

Lakini nisiwasifu kupita kiasi. Baraza hilohilo liliamua kwamba mwanamke aliyeolewa hapaswi kufanya kazi ya mshahara mjini, eti asichukue nafasi ya kijana anayetafuta. Msichana akiolewa, anaacha kazi. Waalimu na wauguzi walisamehewa, wengine hapana. Sheria hiyo ya desturi ilidumu mpaka mwaka 1981, na ilihitaji mwanamke mmoja akatae, aende kudai haki yake. Na kazi yenyewe ilifungwa kwa wageni: ili upate nafasi mgodini ilikuwa lazima uwe umezaliwa au umesomea pale, au umekaa miaka mingi. Walilinda mkate wao, lakini walilinda na mlango.

Kuna jambo lingine ambalo watu wa migodi ya Katanga wanalitumia kila siku bila kujua limetoka wapi. Mawe ya juu ya Broken Hill yalikuwa rahisi kuyeyusha. Walipochimba chini zaidi, zinki na risasi zilikuwa zimeshikana, hakuna aliyejua kuzitenganisha, na zinki ikatupwa katika milima ya mchanga pembeni ya mji. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakemia wa pale walipata njia: unasaga jiwe kuwa unga, unalitia katika maji yenye dawa na mafuta, unapuliza hewa, na madini yanapanda juu pamoja na mapovu huku mchanga unabaki chini. Njia hiyo ikasambaa duniani kote. Zinki ya Kipushi na shaba ya Kolwezi zimepita katika mapovu hayo.

Mtu akisoma juu ya miji ya mbali namna hii, anajiuliza: mgonjwa anafanyaje? Na mtoto wa masomo? Jibu ni radio, na hapa mutanisamehe nikikaa kidogo.

Mchungaji wa kanisa, John Flynn, aliona watu wa mashamba ya mbali wanakufa kwa mambo madogo, mfupa uliovunjika, mwanamke anayeshindwa kuzaa. Mwaka 1928 alianzisha huduma ya muganga wa ndege, mwanzo katika mji wa Cloncurry, kaskazini. Lakini ndege haina faida kama hujui nani anaumwa. Fundi Alfred Traeger akatengeneza radio inayopata umeme kwa kukanyaga pedali, kama kinga. Mama wa shambani anakaa, anakanyaga, anasema: mtoto ana homa, ana vipele. Kila shamba lilipewa sanduku la dawa lenye namba, na muganga anajibu: mpe dawa namba fulani. Broken Hill ikawa kituo kikubwa cha huduma hiyo katika miaka ya 1930, na mpaka leo ndege zinaruka kutoka hapo. Kiisha, mwaka 1956, shule ya radio ikaanza pale. Mwalimu anakaa mbele ya maikro mjini, watoto wametawanyika katika eneo kubwa kuliko inchi fulani za Ulaya, anaita majina, mmoja mmoja anajibu kutoka jikoni kwao. Mara moja au mbili kwa mwaka wanakutana kwa michezo, na hapo ndipo mtoto anaona sura ya rafiki ambaye alimjua kwa sauti. Siku hizi wanatumia intaneti ya setilaiti na kuonana kwenye kioo. Sisi ambao mwaka 2020, wakati wa Kovidi, tulijaribu kufundisha watoto kwa radio kwa haraka, tungeweza kujifunza mengi kwao.

Maji yamekuwa shida tangu siku ya kwanza. Walijenga mabwawa, yakakauka. Miaka ya ukame maji yaliletwa kwa treni. Mwaka 1952 bomba lilivutwa kutoka maziwa ya Menindee, kwenye mto Darling, zaidi ya kilomita 100. Watu wakapanda bustani, wakasahau. Lakini mashamba makubwa ya pamba ya juu ya mto yalinywa sana, ukame ukaongezeka, na mwanzo wa 2019 dunia iliona picha za samaki kwa mamia ya maelfu wamekufa wakielea Menindee. Wabarkandji waliomboleza mto wao kama mtu anavyoomboleza mzazi. Mwaka huohuo bomba jipya la kilomita 270 likaanza kuleta maji kutoka mto Murray. Mji ukapona kiu, mto haukupona: mwaka 2023 samaki walikufa tena, mara hii kwa mamilioni.

Umeme ni vilevile. Nje ya mji kuna shamba kubwa la jua, na kwenye vilima vya Silverton kuna mapangaboi makubwa ya upepo. Lakini Oktoba 2024 dhoruba iliangusha nguzo za laini kubwa, na mji ukakaa gizani siku nyingi huku mashine za akiba zikigoma. Yale ya jua na ya upepo hayakuweza kuwasaidia, maana yalipangwa kutuma umeme kwenye laini ya inchi, si kulisha mji peke yake. Watu walitupa nyama ya friji na kutazama mapangaboi. Anayekaa chini ya laini ya Inga inayokuja Kolwezi, bila taa nyumbani, hahitaji mfano mwingine.

Sasa lile vumbi.

Miti ilipokwisha kukatwa na kondoo na sungura kumaliza majani, upepo uliinua udongo mwekundu pamoja na unga wa milima ya mabaki. Ilikuwa mchana mnawasha taa. Mchanga ulifunika nyua mpaka mtu anatembea juu yake. Katika mgodi mmoja alikuwako mpima mawe, Albert Morris, mtu aliyependa mimea. Miaka mingi alikuwa akisema kwamba kupanda miti peke yake haitoshi. Zungushieni uzio, fukuzeni kondoo na sungura, na udongo utajiponya. Mwaka 1936 kampuni moja, Zinc Corporation, ilikubali kujaribu. Walifunga uzio, mvua ikaja, na mbegu zilizolala mchangani miaka yote hiyo zikaota zenyewe. Morris alikufa mwaka 1939, akiwa ameona mwanzo tu. Leo mji karibu wote umezungukwa na ukanda huo wa majani na vichaka. Ni kazi kubwa, na kwa maoni yangu ni nzuri kuliko majumba yote ya Argent Street.

Mwaka huo wa 1939, BHP iliondoka Broken Hill. Sehemu yake ya mwamba ilikuwa imekwisha. Fedha ilikuwa imekwenda kujenga viwanda vya chuma pwani. Kampuni zingine ziliendelea, mpaka leo migodi inafanya kazi chini ya mji, ila midogo kuliko zamani. Karibu mwaka 1915 wakaaji walizidi 30,000. Siku hizi ni kama 17,000. Mwaka 2015 serikali iliuweka mji mzima katika orodha ya urithi wa taifa, mji wa kwanza kupewa heshima hiyo Australia. Juu ya ule mlima mweusi wa mabaki katikati ya mji, mfano wa teril yetu ya Lubumbashi, wamejenga ukumbusho wenye majina ya wachimbaji waliokufa kazini, zaidi ya 800, na pembeni ya kila jina namna alivyokufa.

Ila kuna waliougua bila kushuka mgodini hata siku moja, na hao hawakuandikwa juu ya ule mlima. Risasi ya Broken Hill haikai mgodini. Iko katika udongo wa uwanja, juu ya paa, katika maji ya mvua yanayotoka kwenye paa hilo, kwenye madirisha, katika manyoya ya mbwa. Mtoto mdogo anatambaa, anatia mikono mdomoni, na risasi inaingia katika damu. Haileti homa, haileti kilio. Inapunguza akili polepole: mtoto anachelewa kusema, hatulii darasani, anashindwa kusoma, na watu wanasema ni mtundu. Mwaka 1991 walipopima watoto wa chini ya miaka mitano kwa wingi mara ya kwanza, zaidi ya nane kati ya kumi walikuwa na risasi kupita kipimo cha maikrogramu 10 kwa desilita ya damu. Kumbukeni ile ripoti ya 1893. Kati ya kujua juu ya wababa na kupima watoto ilipita karibu miaka mia moja.

Baada ya hapo serikali ilianza kazi kwa nguvu. Kituo maalum kilifunguliwa 1994, nyumba zikasafishwa, udongo wa viwanja vya michezo ukafunikwa. Hesabu zikashuka. Zilipokwisha kushuka, pesa zikapunguzwa na kituo kikafungwa, kama kwamba vumbi nalo limesaini mkataba. Mwaka 2015 ikabidi waanze upya, na dola milioni 13. Siku hizi mtoto anapopelekwa chanjo anachomwa pia kidole kupimwa risasi. Hesabu ni nzuri kuliko 1991, lakini hazijaisha, na kila mwaka zinaonyesha jambo lilelile: watoto wa wenyeji wa asili wana risasi nyingi kuliko wenzao. Wanakaa mara nyingi katika nyumba za zamani, karibu na mgodi. Ardhi ilikuwa yao, na vumbi limebaki kwao.

Tukirudi Kabwe, Broken Hill ya pili: huko mgodi na kiwanda vilifanya kazi karibu miaka tisini, vikafungwa 1994. Hakuna baraza la sindika lililoshika mji, hakuna juma la saa 35. Milima ya mabaki iliachwa wazi, na watu wasio na kazi wanapanda juu yake kutafuta mawe ya kuuza. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba watoto wa kartie zilizo karibu bado wana risasi nyingi katika damu, robo karne baada ya mlango kufungwa. Kila Mkongomani anayepita pale na lori lake anapita katika upepo huo.

Na sisi? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha mwaka 2009 vipimo vya mkojo wa watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga: kobalti nyingi sana, na risasi na madini mengine juu ya kiasi. Mwaka 2018 walichapisha tena juu ya Kasulo, kartie ya Kolwezi ambayo wakaaji wake walichimba mashimo ndani ya viwanja vyao. Watoto ndio waliokutwa na kobalti nyingi zaidi, na vumbi la ndani ya nyumba lilikuwa nayo. Huo ni uchunguzi wa watafiti. Kumpima kila mtoto kila mwaka pamoja na chanjo ni kazi nyingine, na hiyo ndiyo tunapaswa kuiomba, kwa jina lake, kila mara wakubwa wa afya na wa kampuni wanapokubali kukaa mbele ya maikro.

Wakati tunangoja, wamama wa Broken Hill wana desturi ambazo hazihitaji dola milioni 13. Hawafagii vumbi kwa ufagio mkavu, wanapangusa kwa kitambaa kibichi, sakafu na madirisha. Viatu na nguo za kazi za baba vinabaki mlangoni na vinafuliwa peke yake. Mtoto hachezi kwenye udongo ulio wazi, anawekewa mkeka au majani. Mikono inanawishwa kabla ya kula na kabla ya kulala. Mboga za bustani zinaoshwa mara mbili. Na maji ya paa ni ya kumwagilia, si ya kunywa.